Betri Iliyoanikwa Juani

Mwaka 1997 nilikuwa karani katika ofisi ya kanisa, kwenye makazi ya wakimbizi nje kidogo ya mji wa Mpanda. Kazi yangu ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta majina ya watu waliopotezana na ndugu zao walipokimbia vita Burundi. Miezi kumi na minne niliandika, majina zaidi ya elfu tatu. Fomu zenyewe mchwa walishazila stoo, na nakala sikuwa nimetoa hata moja. Uzembe huo ni wangu, simsingizii mtu.

Aliyekuwa akiitunza kompyuta ile ni Mzee Callixte, fundi redio mwenye kibanda sokoni. Alivuka mpaka kutoka Burundi kuja huku mwaka 1972 akiwa kijana. Alikuwa mpole, ila ukimpelekea redio ukamwambia haijawahi kufunguliwa, alikuonyesha skrubu zilizochubuka, akakuacha uone aibu mwenyewe. Nilimpendea hilo.

Mwezi wa sita saa ya kompyuta ilianza kuchelewa. Callixte akaifungua, akaona kibetri cha duara ndani, akasema kimechoka. Hapo hakukosea. Alikosea kwenye dawa. Sisi sote betri za redio zikichoka tunazianika juani zipate nguvu, basi naye alikianika kibetri kile siku mbili juu ya bati. Akakirudisha, akarekebisha saa, mashine ikawaka, akaenda zake. Mimi wakati huo nilikuwa likizo kijijini kwetu Mamba, sikujua lolote.

Niliporudi kazini kompyuta ilikuwa ikiwaka, inafika katikati, inaganda. Mara skrini ya bluu, mara inajizima na kuanza upya. Tukamwita Manyanda, mtaalamu kijana kutoka Tabora, akaja kwa treni. Siku tatu alibadilisha memori, akabadilisha nyaya, na mashine ikazidi kuanguka. Kila siku Callixte alikuja, akasalimia, akasimama mlangoni kidogo, akaondoka.

Siku ya nne Manyanda alikata tamaa. "Dada Romana, mfumo umeharibika," alisema. "Naifuta diski yote, naanza upya."

"Na majina?"

"Hayo yataondoka."

Nilikaa kwenye kiti nikalia, sikuficha. Manyanda akatoa CD yake mkobani.

"Subiri kwanza, mwanangu," Callixte alisema kutoka mlangoni. "Ile betri niliitoa mimi. Niliianika."

Manyanda alitaka kucheka, akajizuia. Alitueleza kwamba kibetri kile ndicho kinachoifanya mashine ikumbuke mipangilio yake, pamoja na namna ya kuisoma diski. Kikitolewa, inasahau yote na kurudia mipangilio ya kiwandani. Na hiyo ya kiwandani ilikuwa ikiihesabu diski kwa njia nyingine, kwa hiyo mashine ilitafuta mafaili mahali ambapo hayapo, ikaanguka. Akaweka kibetri kipya, akafungua ukurasa wa mipangilio, akabadilisha neno moja tu kwenye mstari wa diski. Mashine ikawaka, ikatulia. Majina yote yalikuwemo.

Kabla ya saa sita mchana habari ilikuwa imefika sokoni. Fundi mzima akaitwa Mzee Mwanikaji, na jina hilo alikaa nalo mwaka mzima.

Manyanda alipotoka kwenda kunywa chai, nilimuuliza Callixte kwa nini alisema, maana angenyamaza hakuna ambaye angejua.

"Mdogo wangu yumo humo," alijibu.

Sikukumbuka kumwandika. Nilitafuta nikampata: Didace, alipotea mwaka 1972 kwenye kivuko cha mto Malagarasi. Mahali pa umri nilikuwa nimeandika miaka sita, kama fomu ilivyosema. Nikamwambia nitarekebisha, kwani sasa huyo ni mtu mzima wa miaka thelathini na moja.

"Acha hivyo hivyo, dada," alisema. "Mimi ninayemtafuta ni huyo wa miaka sita."