Nilidungwa Sindano ya Homa kwa Siri, Nikamwacha Rafiki Yangu Akatae

Admin, naomba jina langu lisionekane. Majina ya wenye kisa pia nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, naishi upande wa Konoin, tuna majani chai kidogo na ng'ombe wawili. Nimechoka, watu wangu. Jambo hili nimelibeba tangu nikiwa na miaka ishirini na nane, na bwanangu tunayelala kitanda kimoja hadi leo halijui.

Miaka ya tisini tulikuwa wachumaji wa majani kwenye shamba moja kubwa, tukiishi kwenye nyumba za kampuni. Mlango uliofuata ulikuwa wa Kemunto, mama kutoka Kisii, mwenye mtoto mmoja wa kike anayeitwa Moraa. Mimi ni Mkipsigis na yeye Mkisii, na tulielewana kwa Kiswahili chetu cha kuvunjika. Nikikosa unga naingia kwake bila kubisha. Mvua ikitunyeshea kule kwa majani, tunajifunika karatasi moja ya nailoni.

Mwaka mmoja kliniki ya shamba ilileta sindano ya kuzuia homa. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia. Nesi alitukusanya akasema homa si mafua ya kupangusa kamasi tu, inaweza kuingia kifuani ikaua. Akasema sindano haizuii yote, lakini inapunguza makali. Hakuna aliyelazimishwa. Kabla hajamaliza maneno yalikuwa yameshaanza. Wengine walisema ndiyo itatuletea hiyo homa. Wengine walisema ni dawa ya kufunga uzazi wa wanawake. Bwanangu alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili alisimama akasema, "Mungu aliyetuumba hakusahau kitu. Nyumba yangu haitadungwa." Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Lakini mimi nina pumu. Mwaka uliotangulia homa ilinilaza wiki mbili, nikawa navuta pumzi kama mtu anayezama. Niliiogopa kuliko nilivyomwogopa bwanangu. Jumanne nilimwambia nyapara naumwa na tumbo, nikaenda kliniki nikadungwa, nikamwomba nesi asimwambie mtu.

Kesho yake mkono ulikuwa mzito, nachuma kwa shida. Kemunto akaniona.

"Mama Chela, mkono una nini?"

"Nimeulalia vibaya."

Akasogea karibu. "Nataka kukuuliza. Hii sindano, mimi nafikiria kwenda. Huyu mtoto bado ananyonya, nikiugua nani atamshika? Wewe unaonaje?"

Ningeweza kumwambia pale pale, tulikuwa wawili tu. Nikaogopa atamwambia mtu, na mtu amwambie bwanangu. Nikamjibu, "Mimi siwezi kudungwa hiyo kitu. Si ulisikia inafunga kizazi? Na wewe bado unataka kijana."

Akacheka kidogo. "Basi kama wewe hauendi, hata mimi siendi."

Kama mwezi mmoja baadaye homa iliingia kwa zile nyumba, kila mlango kikohozi. Kemunto alienda kazini siku mbili akitetemeka. Siku ya tatu hakuamka. Kifua kilimbana, akapelekwa hospitali Kericho, na nilipofika kumwona hakuweza kumaliza sentensi. Alisema tu, "Moraa amekula?" Nikamwambia amekula. Siku mbili baadaye alifariki.

Mimi sikuugua. Bwanangu aliliona hilo, akalifanya ushuhuda. Nimeketi kanisani miaka hii yote nikisikia vile mke wake alikataa sindano na Mungu akamkinga, na kila mara ananiambia nisimame watu wanione. Huwa nasimama.

Baba yake Moraa alioa tena akaniachia mtoto. Nimemlea kama wangu, nimemsomesha, na ananiita mama. Leo ni nesi huko Bomet. Mwezi uliopita alikuja nyumbani. Bwanangu sasa ana sukari na kifua kibaya, na Moraa alitaka tukadungwe sisi wote sindano ya homa. Mzee akamwambia, "Muulize mama yako. Ule mwaka alikataa, na ndiye huyu."

Moraa akanigeukia. "Ni kweli, mama?"

Nikasema ng'ombe hajakamuliwa, nikatoka. Akanifuata mpaka zizini, akashika ndoo akaniambia polepole, "Mama, sikulaumu kwa kukataa. Wakati huo watu hawakujua. Nataka tu kujua, mama yangu alisema nini kuhusu hiyo sindano? Alikataa mwenyewe?"

Nikamwambia sikumbuki. Kwa nini nilisema hivyo? Nakumbuka hata rangi ya leso aliyokuwa amejifunga kichwani.

Sijui kama sindano ingemwokoa Kemunto. Nesi alisema wazi haizuii yote. Lakini alitaka kwenda, na ni mimi nilimzuia, nikiwa nimeshajikinga. Jumapili ijayo wauguzi wanakuja kanisani kwetu kuongea na wazee kuhusu hiyo sindano, Moraa akiwa kati yao, na bwanangu ameshaniambia nijitayarishe kusimama. Nikisimama nikanyamaza, wazee wengine watakataa kwa ajili yangu, na bwanangu mwenyewe na kile kifua chake. Nikisema ukweli, nitamwaibisha mbele ya kanisa lake, na huenda nikampoteza huyu mtoto, ambaye ndiye ananinunulia dawa za pumu na kunipigia simu kila jioni.

Nyinyi mnaosoma, sitaki kufarijiwa. Mtu aniambie nianze na nani, mzee au Moraa, na neno la kwanza niseme lipi. Jumapili si mbali.