Kofia Tuliyoiacha kwa Wenye Bwawa

Watawa walionifundisha Kiswahili sanifu kule Kivu walinichapa kila nilipokosea ngeli, ndiyo maana naandika hivi mnavyoona, kwa adabu. Lakini nikikasirika adabu huondoka na ngeli zake zote, na habari hii bado inanikasirisha. Mtanivumilia.

Ilianza mchana mmoja wa Oktoba, Ganshoren, kitongoji cha hapa Brussels, nyumbani kwa mzee ninayemtunza. Nilikuwa namkata kucha za miguu, kazi inayotaka utulivu, simu ya dada yangu ikaita. Dada yangu ni mkuu wa shule ya sekondari kijijini kwetu. Kule tunamwita madame préfet, hata mimi, maana ukimwita dada tu mbele za watu ananuna. Huyo hapigi simu kusalimia. Akipiga, kuna jambo.

"Banasema barrage haiko nyumba," akaniambia.

"Nani alisema ni nyumba?"

"Donc hawawezi kuilipia kodi. Bameshitaki chefferie ku tribunal."

Bon, nieleze, maana hata mimi ilibidi anirudie. Juu ya kijiji chetu kuna bwawa la umeme, ndiyo hiyo barrage, na wenye bwawa ni kampuni yenye ofisi yake kuu hapahapa Brussels. Kila mwaka ilikuwa ikilipa kodi ya ardhi na majengo, na sehemu ya kodi hiyo ilirudi kwa chefferie, yaani utawala wa mwami, chifu wetu. Kutoka hapo ndipo walipolipwa walimu watatu wa darasa la sita la sekondari: wa hesabu, wa fizikia na wa Kifaransa. Serikali ilishawasahau walimu hao kitambo. Darasa la sita ndilo linalofanya mtihani wa taifa. Bila mtihani hakuna diploma, na bila diploma mtoto wa kwetu anachagua kati ya mashimo ya dhahabu na ndoa. Huyo mwalimu wa fizikia, nisisahau, anafundisha umeme katika shule isiyo na umeme, chini kabisa ya nyaya zinazoupeleka mjini.

Sasa mawakili wa kampuni walikuwa wamegundua jambo. Mitambo, walisema, ni mashine, na mashine hufunguliwa ikahamishwa. Milango ya maji, vivyo hivyo. Mabomba, vivyo hivyo. Na ukuta wenyewe, ule mlima wa saruji ambao babu zetu walibebeshwa mawe yake, ni kiungo cha mashine, kwa hiyo nao ni kitu cha kuhamishika, kisicholipiwa kodi ya majengo. Kisichohamishika pale ni ofisi moja na kibanda cha mlinzi. Hivyo viwili ndivyo watakavyovilipia kodi. Na mpaka mahakama iamue, hawalipi hata kibanda.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mtu amesomeshwa, amevaa tai, ameandika maneno hayo bila kucheka, na kesho yake amerudi kazini. Nilimchoma mzee wa watu kwenye kidole kwa hasira. Mzee huyo aliwahi kuishi Kongo enzi zao, na Kiswahili alichokuja nacho ni cha kuamrisha tu: leta maji, funga mlango. Siku hiyo alisema, "Polepole," na kwa mara ya kwanza nikaona ana haki.

"Sasa unataka nifanye nini?" nikamwuliza dada.

"Ile kampuni iko Bruxelles. Weye pia uko Bruxelles. Muende museme nabo mbele ya Noël. Nyuma ya Noël siko tena na kitu ya kupatia balimu, na sixième nitaifunga."

Kabla ya Krismasi, la sivyo darasa la sita linafungwa. Kwa dada yangu Brussels ni kijiji. Mwenye bwawa anakaa nyumba ya tatu baada ya kwangu, tunakutana kisimani. Nilitaka kumwambia kwamba hapa hata jirani wa ukuta mmoja simjui jina, lakini alishakata simu.

Sisi wa kijiji kile tulioko huku tuna mutuelle, chama chetu cha kuzikana na kuozana. Tunakutana Molenbeek, nyuma ya duka la mmoja wetu anayeuza sombe, yaani kisamvu, na samaki wa chumvi, na ndiyo maana makoti yetu yote yananuka samaki. Mwenyekiti ni tonton mmoja, yaani mjomba wa wote, dereva wa tramu mstaafu, mwembamba, mwenye kofia ya kijivu ambayo haivui hata akila. Kazi yake halisi ni msemaji wa mahari. Kuanzia Berchem-Sainte-Agathe hadi kwenye mfereji, hakuna binti wetu aliyeolewa bila kupita mdomoni mwake, na hajawahi kushindwa. Hili analisema mwenyewe, mara kwa mara.

Nikawaeleza. Wengine wakalaani, wengine wakasema tutafute wakili, mmoja akauliza kama samaki wameisha. Tonton akafikiri, kisha akatoa hukumu.

"Hii ni bukwe," akasema. Kwetu bukwe ni mambo ya mahari. "Familia mbili. Moja iko na kitu, ingine inakitaka. Na kesho batakaa jirani. Tribunal ni ya batu benye hawataonana tena."

Nataka kuwa wa haki kwake: nilipoisikia niliiona ni akili. Mahari ya kwetu ina mwendo wake. Msemaji anaanza mbali, hataji msichana. Wenye binti wanataja kitu kikubwa, wageni wanataja kidogo, pande zote zinajua ni uongo. Mahali fulani wageni wanainuka kwa hasira na kutoka nje, lakini msemaji anaacha kofia yake mezani. Kofia inasema: tumekasirika, hatujaondoka. Basi wenyeji wanatakiwa kuwaita kabla hawajafika barabarani, na wakiitwa, bei imepatikana. Lakini kofia ikitoka nje mikononi mwa mwenyeji, yamekwisha. Maana yake hatuwataki, tafuteni kwingine.

"Tonton," nikasema, "wazungu hawajui mambo ya kofia."

"Maman, muntu ni muntu. Muntu akikasirika akatoka, unamuita."

Alinichagua niende naye kwa sababu Kifaransa changu, alisema, kimezoea wazee wabishi.

Ulaya kila kitu kina ofisi, na kampuni ile ilikuwa na ofisi ya kusikiliza. Si ya kujibu, ya kusikiliza. Tulipewa miadi upesi sana, kumbe kusikiliza hakuna foleni. Ilikuwa mwanzo wa Desemba, katika moja ya yale majengo ya vioo karibu na stesheni ya Gare du Nord. Mimi nilivaa kitenge na koti juu yake, tonton suti ya harusi. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo tulibeba kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ndani ya kidumu cha njano. Walinzi wa mlangoni walikinusa, wakatazamana, wakakipitisha kwenye mashine inayotafuta mabomu. Hawakutoa maoni.

Tulipokelewa na madame mmoja wa miaka kama thelathini na kitu, viatu vyeupe vya michezo, tabasamu la kweli. Nasema la kweli kwa sababu nilitaka sana kumchukia na hakunisaidia. Alitupa maji, akakishukuru kidumu, akakiweka chini ya meza mbali na miguu yake.

Tonton akakohoa, akaanza mbali.

"Madame, sisi ni wafugaji. Ng'ombe wetu alipotea. Tumefuata kwato zake, na kwato zimeingia katika boma lenu."

Yule madame akaacha kutabasamu, akawa na huruma. Akauliza ng'ombe alifia ndani ya maji au chini ya nyaya, kwa sababu mifugo ina idara yake.

"Hakufa," nikasema. "Hakuna ng'ombe."

"Hakuna ng'ombe?"

"Ni shule, madame."

Tonton alinitazama kama nimevua nguo. Msichana hatajwi mapema. Lakini nilikuwa nimeshamtaja, basi ikabidi aruke hatua aingie kwenye bei. Akaomba kodi yote ya nyuma. Akaomba shule ya ghorofa. Akaomba umeme nyumba kwa nyumba, zahanati, na basi la kuwapeleka wanafunzi. Tulichotaka sisi ni walimu watatu tu, lakini mwanamume gani anaanza na anachotaka? Aliomba basi kwa sauti nzuri mno, nikaanza kulitaka.

Hapo madame alitakiwa ashike kichwa, acheke, aseme mnataka kutuua, aseme tutawapa mwalimu mmoja. Tonton alimwachia nafasi ya kusema hayo. Alikunywa maji taratibu ili amwachie nafasi.

Madame akasema amesikia yote na ameyaandika. Akasema suala la kodi liko mahakamani, kwa hiyo hana ruhusa ya kulizungumzia. Akatushukuru kwa kuja.

"Haupunguzi hata kidogo?" tonton akamwuliza.

"Samahani, bwana. Sina cha kupunguza."

Basi tonton akainuka kwa hasira. Nimeona hasira zake nyingi za mahari na naapa ile ilikuwa bora kuliko zote: kiti kilisogea kwa kishindo, kidole kikapanda juu, akasema baba zetu walibeba ukuta ule migongoni, na kama unahamishika basi waje wauhamishe tuone. Kisha akavua kofia, mimi sijawahi kukiona kile kipara mchana, akaiweka katikati ya meza. Tukatoka.

Tulitoka polepole, jinsi inavyotakiwa. Lifti ilikuja, tukaiacha iende. Ikaja tena, ikawa na watu wenye kahawa mikononi, wakatushikia mlango, tukawaambia asante, endeleeni. Tonton alitega sikio upande wa korido na macho yake mbele, kama bwana harusi aliyekatazwa kugeuka. Hatimaye tukashuka. Tukavuka kizuizi cha walinzi. Tukasimama nje kwenye mvua ya Brussels, ile isiyonyesha wala isiyokoma.

"Barabara bado," tonton akasema. "Hapa ni ku ngazi tu."

Na kweli, mlango ukafunguka. Yule madame alikuwa anakuja mbio, bila koti, viatu vyeupe kwenye maji, anapunga mkono. Moyo wangu uliruka. Nilishaanza kupanga nitakavyompigia dada, nitamwita dada mbele za watu na atanisamehe.

Kisha nikaona anapunga na nini.

"Bwana, umesahau kofia yako!" Alihema na kucheka. Alikuwa amefurahi kutufikia.

Tonton aliipokea kwa mikono miwili. Hakuivaa. Maji yakawa yanamtiririka kichwani na kofia iko kifuani. Ndipo adabu ya watawa iliponiondoka. Nikamwambia madame kwa Kifaransa kibaya aichukue, airudishe mezani, airudishe sasa hivi. Maskini akanieleza kwamba vitu vilivyosahauliwa huwekwa mapokezi, lakini si kwa muda mrefu.

"Acha, maman," tonton akasema. "Kofia ikirudi haitumwi tena."

Njiani ndani ya metro kofia ilikaa magotini mwake. Nilimwambia yule hakujua, alikuwa mtu mwema tu. Akaniambia anajua hakujua. Lakini kofia imetoka nje, na yeye ameiona kwa macho yake. Kidumu kilibaki kule chini ya meza, na natumaini kiliendelea kuchacha mpaka kikapasuka.

Nilipomsimulia dada alicheka mpaka akaniomba niache. Ng'ombe ndiye aliyemmaliza. Kisha akasema, "Na bale balimu batatu, nibaambie nini?"

Tulituma kidogo kutoka mutuelle, kikawabeba mpaka Januari. Mwalimu wa hesabu akaenda Bukavu, wa Kifaransa na wa fizikia wakamfuata. Dada akashika hesabu mwenyewe, na hesabu haijui, aliwahi kuniibia majibu tukiwa wadogo. Kabla ya Pasaka akafunga darasa. Wavulana wakaenda kwenye mashimo. Msichana aliyekuwa akiwashinda wote, ambaye dada alimhesabu kuwa ndiye diploma ya kwanza ya mwaka ule, akaletewa wachumba mwezi uleule. Dada alikaa kwenye mazungumzo hayo kama mgeni wa heshima. Wageni walitoka kwa hasira, msemaji akaacha kofia mezani.

"Bakabaita?" nikauliza.

"Hata ku mulango hawakufika."

Mwaka uliofuata kampuni na chefferie walipatana nje ya mahakama. Ukuta ulikubaliwa kuwa nusu unahamishika, nusu hauhamishiki. Msiniulize nusu ipi. Fedha za nyuma zikalipwa, si zote. Dada akanipigia kuniambia ameagiza viti vipya vya darasa la sita, vya mbao nzito, na vimefika. Nikamwuliza walimu je. Walimu wako Bukavu, akasema, wamepata kazi, hawarudi. Wanafunzi wa darasa la tano walihama na wazazi wao waliposikia hakuna la sita.

"Donc viti viko," akasema. "Vizuri sana. Uniambie nimukalishe nani."

Nikamwambia atume picha. Ilinifikia Ganshoren, mzee amelala. Safu za viti vinavyong'aa, vumbi la mbao bado liko sakafuni, ubao umefutwa safi. Nyuma ya viti kuna dirisha, na katika dirisha kuna bwawa. Liko palepale.