Kompyuta Iliyodai Salamu

Habari za msiba zilinikuta nimekaa jikoni namenya viazi, kazi ambayo wastaafu wengi wa Njombe tunaifanya kimyakimya na kuikana hadharani. Aliyepiga simu ni jirani yangu wa zamani wa kata ya Ramadhani, akanisalimu kwa Kibena. “Kamwene, Mwalimu. Umesikia? Fundi wetu wa kompyuta ametutoka alfajiri.” Niliweka kisu chini. Sikulia palepale, maana nina tabia ya kuchelewa kulia, lakini viazi vile mchana ule havikupikwa. Wasomaji wangu wa siku nyingi mtanisamehe nikiacha kidogo kulalamikia barabara na bei ya mbolea. Leo safu hii ni ya mama huyu peke yake.

Vijana wakisikia fundi wa kompyuta wanamfikiria kijana mwenye kibegi mgongoni na simu mbili. Huyu alikuwa mama wa Kibena, mwanakwaya wa usharika, mpana wa mabega, mwenye sweta mbili juu ya gauni. Alikuwa karani katika shirika moja la umma lililofungwa wakati ule nchi ilipofungulia biashara milango. Wenzake waliopunguzwa kazi walianza kuuza mitumba au wakarudi mashambani. Yeye aliinunua kompyuta ya ofisi yake ya zamani, ambayo hata wakati huo ilikuwa imeshapitwa, akaiviringishia kitenge na kuipandisha kwenye mkokoteni hadi chumba alichopanga Ramadhani. Kioo chake kilikuwa cheusi na herufi za kijani. Picha hakuna, kipanya hakuna. Ilitumia DOS, ule mfumo wa maandishi matupu: unaiandikia amri, nayo inakujibu kwa maandishi, au inakaa kimya ikikutazama tu. Programu aliziandika mwenyewe, kwa lugha ambayo wataalamu wa Dar es Salaam walikuwa wameshaanza kuicheka, mstari baada ya mstari, kila mstari na namba yake. Namba hizo alizirusha kumi kumi: kumi, ishirini, thelathini. Siku moja nilimuuliza kwa nini. “Mwalimu, lazima utasahau kitu,” alinijibu. “Sasa ukibananisha, ukija kukikumbuka utakiweka wapi?”

Nilikuwa nakwenda kwake kuchapisha mitihani ya shule, na nikiri kwamba nilikuwa nakwenda pia kwa sababu ya joto. Asubuhi za Juni, ukungu ukiwa bado umeukalia mji, aliwasha jiko la mkaa, akaacha dirisha wazi kidogo, na chumba kikishapata uvuguvugu ndipo aliiwasha kompyuta. Alisema nayo ina viungo kama sisi. Alikuwa mbishi, tena mbishi wa kucheka. Kompyuta za picha na vipanya zilipoanza kuingia mjini, nilimshauri ajifunze. Alinitazama kwa huruma, akasema kipanya kimetengenezwa kwa ajili ya watu wavivu wa kusoma. Wateja wengine walimkimbia kwa ubishi huo, na yeye aliwaacha waende.

Mteja wake mkubwa alikuwa Makambako. Mnaokumbuka miaka ile mnajua jinsi malori ya watu binafsi yalivyojaa pale njia panda, upepo ukipeperusha maturubai na kila mtu akiwahi mzigo. Ndugu wawili wa baba mmoja, Waislamu waliokuja na baba yao kutoka Kondoa, walikuwa na ofisi ya usafirishaji, na mama yetu aliwaandikia programu ya mizigo kwenye kompyuta ya ofisi yao: nani katuma, nani anapokea, gari gani limebeba na limefika wapi. Magari yao yalikwenda Songea na Mbeya, na mengine yaliteremka hadi Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Yule mdogo alikuwa huko Manda, lori limenasa kwenye tope la masika, baba yao alipofariki. Kaka mtu alizika siku ileile kabla ya jua kuzama, kama dini inavyotaka. Mdogo alipofika alikuta kaburi limeshafukiwa. Hakubishana na dini, maana aliijua vizuri kuliko kaka yake. Ila tangu siku hiyo hakumsalimia tena. Wakagawana siku: kaka mtu anaingia ofisini asubuhi, na baada ya sala ya adhuhuri anatoka, mdogo anaingia. Madereva wao walianza kuulizana watakuwa wa nani ofisi ikivunjika.

Nilikuwepo pale Ramadhani siku kaka mtu alipokuja na ombi lake. Hakukaa hata kitini.

“Dada, ile programu tugawie. Kila mtu awe na malori yake na kitu chake.”

“Mdogo wako amekubali?”

“Yeye ndiye aliyesema. Alimtuma dereva aniambie.”

“Ofisi moja, halafu mnatumiana dereva?”

Yule bwana akalitazama jiko. “Hatusalimiani, dada.”

Mama alimwambia kugawa atagawa, lakini wampe muda mvua zipungue. Alipoondoka, mama yetu alikaa mbele ya kile kioo cheusi bila kugusa kitu. Mimi na yeye tulijua vilevile kwamba programu ikishagawanywa, udugu wa wale watu ndiyo basi tena. Kisha akaanza kuandika, akiingiza mistari mipya kwenye zile nafasi alizokuwa ameziacha. Wiki iliyofuata alikwenda Makambako na diski yake mkobani, akamwambia kila mmoja kwa wakati wake, uso mkavu kabisa, kwamba kompyuta imezeeka na sasa ina masharti: anayeondoka lazima aandike neno kwa anayekuja, na anayekuja lazima alijibu, vinginevyo mizigo itapotea humo ndani. Ulikuwa uongo mtupu, tena wa mwanakwaya. Wote wawili wakaamini. Enzi zile tuliiamini kompyuta kuliko daktari.

“Na wakiandikiana matusi?” nilimuuliza.

“Waandikiane. Hata kutukanana ni kuongea, Mwalimu. Lakini kaka mtu ni mtu wa msikitini, ataandika salamu. Na huyu mdogo hawezi kuiacha salamu ya dini bila kuijibu. Hapo mimi na kompyuta hatumo tena, wamo wao.”

Ikawa hivyo. Asalaam aleikum. Waaleikum salaam. Kwa muda mrefu hakukuwa na zaidi ya hayo. Baadaye likaingia neno la gari la Songea lililopata pancha, likaja la turubai lililochanika, kisha mmoja akamuuliza mwenzake kama homa ya mtoto imeshuka. Kilichotokea mwishoni nilisimuliwa na mdogo mtu mwenyewe. Alitoka msikitini, akakaa mbele ya kompyuta, akakuta kaka yake ameandika kwamba siku ile ya mazishi alitamani kumsubiri, wazee wakaharakisha, naye hakuweza kuwabishia. Baba alikuwa amemuulizia mpaka mwisho. Mwishoni aliweka neno moja: nisamehe. Mdogo hakulijibu kwenye kompyuta. Aliwaacha madereva wamesimama dirishani, akavuka barabara katika ule upepo hadi nyumbani kwa kaka yake, na wakaenda makaburini pamoja. Habari ya kugawa programu haikusikika tena.

Nimekuwa nikiifikiria hadithi hii wiki nzima. Miaka ile ilitufundisha kukimbia. Tulikimbilia mzigo, tukakimbilia kiwanja, tukakimbilia mteja kabla jirani hajamwona, na sikatai kwamba tulipata mengi. Nyumba hii ninayomenyea viazi imetokana na mbio hizo. Siku hizi naweza kuusalimia ukoo mzima kwa kubonyeza mara moja, nao wakanijibu kwa alama ya dole gumba. Lakini naijua familia iliyo kwenye kundi moja la simu, inatumiana picha za maua kila asubuhi, na ndugu wawili humo hawajasemezana tangu mirathi. Mashine zetu zimekuwa nyepesi na za haraka, na nazipenda, msinielewe vibaya. Ila sijaona aliyezitengeneza akijiuliza kama wanaozitumia wanapatana.

Tulimzika Jumamosi, kwa nyimbo nyingi na mvua ya manyunyu. Wale ndugu walikuja kutoka Makambako, wote sasa wana mvi, wamevaa kofia zao za kufuma na makoti mazito. Tukiwa tumeshika vikombe vya chai nje ya turubai, nilishindwa kuendelea kuitunza ile siri.

“Wazee wangu,” nikawaambia, “ile kompyuta haikuwa na masharti yoyote. Mama aliwadanganya. Mngebonyeza tu bila kuandika kitu, ingefunguka.”

Kaka mtu alinikodolea macho. Mdogo akaanza kucheka polepole, machozi yakimtoka. “Mimi nilijua tangu wiki ile ya kwanza,” akasema. “Nilibonyeza kwa bahati mbaya, ikafunguka.”

“Sasa mbona hukuniambia?” kaka yake akauliza.

“Ningekuambia, kaka, ungeacha kuniandikia.”

Hapo ndipo nilipolia. Nimeondoka pale na funzo moja, nalo nawaachia wasomaji wangu. Mtu aliyenuna na ndugu yake mara nyingi anatamani kurudi kuliko tunavyodhani, ila anaona aibu kuanza. Anachohitaji ni kisingizio kidogo tu, naye atakishika kwa mikono miwili hata akijua kwamba ni kisingizio. Kama unaye mtu wako mliyenyamaziana, mtafutie kisingizio hicho leo, angali hai.