Theluji si ya Kanada peke yake, asema Mama Neige

Ni Jumamosi asubuhi, na abiria wa taxi nzima, yaani daladala ya Afrika Kusini, wamekatazwa kushuka. Vioo vimejaa mvuke wa pumzi zao. Nje, theluji imefunika mteremko hadi kwenye misonobari, na mwanamke mmoja mnene aliyevaa koti la mwanamume anatembea juu yake akiichoma kwa mpini wa ufagio. Anachoma, anasogea kidogo, anachoma tena.

Anatafuta visiki. Upande huu wa msitu wa umma ulikatwa miti miaka ya nyuma, na kisiki kikishafunikwa na theluji hakionekani mpaka mtu anayeteleza akigonge kwa mgongo.

"Waache wanikasirikie," anasema bila kugeuka. "Afadhali mtu akasirike akiwa mzima."

Huyu ndiye Marie-Jeanne Mapendo, miaka 44, mzaliwa wa Uvira nchini Kongo na mkazi wa Albert Park, Durban. Wakongo wa mtaa huo wa maghorofa wanamwita Mama Neige, yaani Mama Theluji kwa Kifaransa. Mwaka mzima anasuka nywele katika saluni ya watu. Ikifika miezi ya baridi, anafanya kazi ambayo haina jina. Anawatafutia watu wa Durban mahali pa kucheza kwenye theluji.

Leo, hata hivyo, jicho lake moja liko kwenye visiki na jingine liko kwenye mlango wa taxi. Abiria mmoja amepuuza amri na kushuka. Amevaa koti la maana, jeusi, linalofika magotini, na amesimama mikono mfukoni.

"Unamuona yule? Ni mdogo wangu, Yvette. Ametoka Kanada," anasema Marie-Jeanne kwa sauti ya chini. "Amekuja kuona kama hii neige yangu ni neige. Akicheka mbele ya hawa watu, mimi nimekwisha."

Halafu anachomeka ule mpini kwenye theluji na kumtazama mwandishi usoni.

"Mimi niko na wivu. Andika ile. Usiandike eti mama huyu ana roho nzuri. Roho nzuri iko, lakini ndani yake kuna wivu."

Basi imeandikwa, kama alivyoagiza.

Wivu huo una historia. Marie-Jeanne na Yvette walifika Durban mwaka 2009, mkubwa akitangulia miezi michache. Waliishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa shuka, familia mbili humo humo, na mwenye chumba akipandisha kodi kila alipojisikia. Marie-Jeanne alilinda magari ya watu kwenye maegesho ya ufukweni, kazi ya kusimama juani na kungoja sarafu. Yvette aliosha vichwa saluni.

Kwa sababu hawakufika pamoja, waliandikishwa kama wakimbizi kila mmoja kivyake. Mwaka 2016 Yvette, mumewe na watoto wao waliitwa kwenda kuishi Kanada. Marie-Jeanne hakuitwa. Hajaitwa mpaka leo.

"Nilimfungia mizigo mimi mwenyewe," anakumbuka. "Nilimpikia sombe ya mwisho, ya majani ya muhogo. Nikalia uwanja wa ndege kama watu wote. Lakini nakuambia ukweli, yale machozi hayakuwa ya kumpenda tu."

Desemba ile ikaja picha kwenye simu. Yvette amevaa koti jekundu, mikono ameitandaza, na nyuma yake kila kitu ni cheupe. Chini ameandika: Yaya, ona. Yaya ndivyo Wakongo wengi wanavyomwita dada mkubwa.

"Nikazima simu. Nikaiwasha. Nikaiangalia tena," anasema. "Saluni wakaniuliza, mdogo wako yuko aje kule? Nikasema, ah, kule ni baridi tu, watu wanateseka. Nilikuwa nasema uongo. Nilikuwa nataka nisimame pale alipokuwa amesimama."

Miaka ilipita, na picha hazikukoma. Kila msimu wa baridi wa huko, picha. Watoto wa Yvette na mtu wa theluji mwenye pua ya karoti. Gari la Yvette limefunikwa. Marie-Jeanne alizijibu zote kwa alama ya mikono miwili ya amina.

Kisha, Jumapili moja ya Julai, pale pale kwenye maegesho ya ufukweni, alikokuwa bado akilinda magari kila Jumapili, liliingia bakkie, yaani pikapu, likiwa na mtu wa theluji juu ya boneti. Si picha. Mtu wa theluji mwenyewe, amekonda, anavuja maji, amevikwa kofia ya kriketi. Watu wa Durban wanaokwenda milimani wana mchezo huo wa kumpakia na kurudi naye hadi baharini ili wengine wamuone.

Marie-Jeanne alimwendea mwenye gari na kumuuliza ameitoa wapi theluji hiyo. Akajibiwa: Underberg huko, mama, chini ya milima ya Drakensberg, si mbali.

"Niliomba niiguse. Nikachota. Ikanichoma mkono," anasema. "Nikajiambia, kumbe? Kumbe miaka yote hii naonea mtu wivu kwa kitu kiko hapa juu tu?"

Safari ya kwanza ilikuwa ya aibu. Aliwakusanya akina mama wa kanisani, wakakodi taxi ya jirani yake, Achille, na kwenda siku tatu baada ya redio kutangaza kuwa theluji imeanguka. Walikuta matope. Walikula mikate yao ndani ya gari, na njia nzima ya kurudi hakuna aliyemsemesha. Achille anayakumbuka hayo vizuri, na anacheka peke yake kwenye usukani.

"Mmoja aliniuliza kama mimi pia nimelipwa kuwadanganya," anasema Achille. "Eish, ile siku."

Aibu hiyo ndiyo iliyomfundisha kazi. Aligundua kwamba mahali pa theluji hutafutwa wakati hakuna theluji. Kila Mei, nyasi zikiwa zimekauka, anapanda peke yake kwenye msitu huu, analipa kiingilio cha siku langoni kama mgeni yeyote, na kutembea. Anataka mteremko unaotazama kusini, ambako jua la miezi ya baridi halifiki, ili theluji idumu. Anataka uishie kwenye tambarare, usiishie kwenye barabara, kijito wala waya wa mpakani. Anataka choo cha karibu, kwa sababu anasafiri na akina mama.

Akiridhika, anapanda juu, anaketi ndani ya besheni la kufulia na kujisukuma. Kwenye nyasi kavu. Bhekani, mlinzi wa lango la msitu, alidhani siku ya kwanza kuwa amerukwa na akili. Sasa ni rafiki yake, na ndiye anayempigia simu theluji ikianguka.

Mteremko huu uko wapi hasa, gazeti hili haliruhusiwi kusema. Mwandishi aliapishwa kwenye robot ya mwisho, yaani taa za barabarani, kabla ya kutoka mjini. Ni ardhi ya umma, kila mtu ana haki ya kuja, na Marie-Jeanne anajua hivyo. Wivu wake haujui.

"Ni ya umma, sawa. Lakini umma ulikuwa wapi mimi nilipokuwa najigonga mgongo kwenye visiki?"

Nauli ni four-fifty, yaani randi 450, kwa mtu mmoja. Akishamtoa Achille na mafuta, kinachobaki kwake hakitajirishi mtu, na kwa mwaka theluji nzuri huja mara tatu au nne tu. Wateja ni wasusi, wauza simu, wachungaji, na siku hizi hata wanafunzi wa Kenya. Karibu wote wanatafuta picha, maana karibu kila mmoja ana ndugu aliyeko Ulaya au Kanada anayemtumia za kwake.

Picha hizo zina mambo yake. Blaise, kijana wa duka la simu, alituma yake nyumbani bila maelezo. Mama yake akachinja mbuzi, wakasali sala ya shukrani, na shangazi zake wakaanza kuulizia bei ya tiketi ya kumfuata huko Kanada. Ilimchukua wiki nzima kuwashawishi kwamba bado yuko Durban, na shangazi mmoja hajaamini hadi leo.

Wiki mbili zilizopita Yvette alitua Durban kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Ana pasipoti ya Kanada. Anaingia na kutoka, jambo ambalo dada yake, mwenye kibali cha ukimbizi cha kufanywa upya kila mara, hawezi hata kuliota. Marie-Jeanne alikuwa amepanga kila kitu: atampeleka kwenye mteremko wake, na Yvette atanyamaza kimya.

Theluji ikakataa. Siku baada ya siku anga la milimani lilikuwa safi. Yvette hakujali hata kidogo. Alikwenda kuoga baharini kila asubuhi na kurudi ametabasamu, huku dada yake akiangalia hali ya hewa kwenye simu na kukosa usingizi. Zilipobaki siku chache arudi kwake, Bhekani akapiga simu.

Sasa Marie-Jeanne amemaliza kuchoma. Anapunga mpini, mlango wa taxi unafunguliwa, na watu wanamwagika wakiwa na mablanketi mabegani na mifuko ya plastiki juu ya viatu. Wengine wanapiga magoti na kuishika theluji. Mwanamke mmoja anaionja.

Yvette hajasogea.

"Ni kidogo," anasema hatimaye. "Kwetu Kanada, kwa hii hawafungi hata shule."

Marie-Jeanne anakunja shingo ndani ya koti.

"Kwetu?" anauliza. "Kwetu ni Uvira."

Mambo yanazidi kuharibika. Abiria wamesikia neno Kanada, na ndani ya muda mfupi wamemzunguka Yvette. Kule ni aje? Karatasi zinachukua muda gani? Wanataka kupiga picha naye, kana kwamba amekuja na theluji hii kwenye sanduku lake. Kijana mmoja, simu mkononi, anamgeukia aliyewaleta.

"Mama Neige, sogea kidogo. Unaziba."

Marie-Jeanne anasogea. Anakwenda kusimama nyuma ya taxi, na huko mwandishi anamkuta anafuta pua kwa mkono wa koti.

"Hata hapa," anasema. "Mlima nimeutafuta mimi, na bado ni yeye wanayemtaka."

Yeye na mwandishi wanasimama hapo, baridi ikiwala vidole, mpaka kelele zinasikika kutoka juu ya mteremko. Wanachungulia.

Yvette yuko juu. Lile koti la maana limefungwa kiunoni kwa kanga, na yeye amekaa ndani ya besheni la bluu, ameshika kingo zake kwa mikono yote miwili. Ni wazi hajui afanye nini. Mtu anamsukuma. Besheni linazunguka, linakwenda kinyumenyume, na katikati ya mteremko linamtupa nje. Anabiringika hadi kwenye tambarare na kubaki amelala, uso angani.

Marie-Jeanne anakimbia. Amesahau wivu kwa muda wa kufika pale. Anamkuta mdogo wake anacheka na kulia kwa pamoja.

"Yaya, nirudishe juu," anasema Yvette.

Anakwenda tena, na tena, mpaka wengine wanalalamika kuhusu zamu. Baadaye, chai ya tangawizi mkononi, anaeleza. Kule Kanada anafungasha kuku kiwandani zamu ya usiku, na mumewe anafanya kazi mchana. Theluji anaijua kwa kuizoa kwa koleo mlangoni, kabla ya kukimbilia basi. Ni shule inayowapeleka watoto wake kuteleza kwenye vilima.

"Miaka yote hiyo sijawahi kukaa chini kwenye neige," anasema. "Nikianguka kule, nani ataniinua? Watu wanapita."

"Na ile picha? Ya koti jekundu?" anauliza dada yake.

"Koti la kuazima. Nilisimama, wakanipiga picha, nikarudi ndani kujipasha moto."

Marie-Jeanne anakunywa chai yake. Mwandishi anamuuliza anajisikiaje kusikia hayo.

"Nimefurahi," anajibu papo hapo. Kisha anamtazama Yvette. "Mungu anisamehe. Nakuhurumia, kweli kabisa, lakini nimefurahi."

Yvette anamsukuma bega. "Nilijua," anasema.

Jioni, taxi ikikaribia mji wa Howick njiani kurudi Durban, mtandao unarudi na simu zote zinaita kwa wakati mmoja. Yvette amemtumia mama yao huko Uvira picha yake na Marie-Jeanne, wamekumbatiana kwenye theluji. Jibu la sauti linafika, na Yvette analiweka watu wote walisikie. Mama analia. Anamshukuru Mungu kwamba hatimaye Marie-Jeanne naye amefika Kanada.

Achille anapunguza mwendo, sijui kwa nini.

Yvette anasogeza simu mdomoni. "Hapana, mama," anasema. "Ni mimi nimekuja kwake. Hii neige ni ya Marie-Jeanne. Aliitafuta yeye."

Marie-Jeanne anageukia dirishani. Baada ya kitambo anaomba asikilizishwe tena ile sauti, si ya mama, ile ya Yvette. Anasikilizishwa. Anaomba mara nyingine.

Yvette anaondoka Jumatano. Marie-Jeanne anasema mwezi Mei atapanda tena na besheni lake, kwa sababu Bhekani amemwambia kuna mteremko mrefu zaidi upande wa pili wa msitu, usio na kisiki hata kimoja. Anataka kuupata kabla ya wengine. Anataka pia kununua besheni kubwa, la watu wawili.

Je, wivu umekwisha? Anacheka kwa mara ya kwanza siku nzima.

"Wivu gani unakwisha? Ana pasipoti, mimi sina. Lakini akishafika kwake, asubuhi moja atafungua mlango, ataikuta imejaa pale nje, na atashika koleo," anasema, kisha anashusha sauti, kwa kuwa Yvette amesinzia begani pake. "Siku ile nataka anikumbuke mimi na mlima wangu. Nataka na yeye aone wivu."