Vyumba vya Uani

Bibi alitoa wasia wake Ijumaa baada ya chakula, mimi nikiwa mlangoni na sinia la chai. Ami zangu wawili walikuwa wamekaa mkekani, pamoja na maalim wa madrasa ya hapa kwetu Jomvu Kuu, aliyeitwa awe shahidi.

"Vile vyumba viwili vya uani," Bibi akasema, "nikifa ni vya madrasa. Walale mayatima."

Vyumba vya uani! Kimoja ndicho ninacholala na mwanangu, tangu babake alipohamia mtaa wa Shika Adabu kuoa mwengine.

Nilitua sinia kwa kishindo. "Na mimi, Bibi?"

Ami mkubwa hata hakunitazama. "Wewe si mrithi. Usimharibie mama sadaka yake."

Hapo ndipo nilipowaka. Babangu alikufa mapema, na sheria yetu naijua, niliisoma mpaka kidato cha nne: wana wakiwapo, mjukuu harithi kitu. Mlango wake ni mmoja tu, ile thuluthi ya mali ambayo mwenyewe humwachia amtakaye asiyekuwa mrithi. Na thuluthi ya Bibi ndiyo hiyo imeshatoka, mbele ya macho yangu, chai yangu ikipoa.

"Kwa kuwa si mrithi ndiyo naweza kuachiwa," nikasema. "Muulizeni maalim."

Maalim akakohoa. "Asemalo ni kweli. Lakini hiari ni ya mwenye mali."

"Basi nitieni kwenye hao mayatima. Sina baba, sina mama."

"Yatima ni mtoto, binti yangu. Ukishabaleghe umetoka."

"Na huyu wangu?"

"Babake yu hai."

"Yu hai wapi? Twamsikia tu, kama redio ya jirani!"

Ami mdogo akacheka mpaka akapaliwa. Bibi hakucheka. "Mwanangu, wewe una mikono, na ulimi unao. Wale hawana kitu. Nami nataka cha kunifuata kaburini."

Nilitoka nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Wasia ule uko vile vile. Lakini mwenyewe akiwa hai aweza kuubadilisha wakati wowote, na hilo ndilo linaloniwasha. Uji nikimpelekea, naona kama una hila ndani yake. Zamani nilikuwa nikimkanda magoti kwa mafuta ya nazi huku tukiwasengenya majirani wote. Sasa nakanda kimya, na mikono yangu mwenyewe siiamini. Nimekasirika na ami, na maalim, na mayatima nisiowajua, masikini, ambao hawajanikosea lolote.

Juzi nilikuwa kwenye goti la kushoto aliponiita kwa jina.

"Abee, Bibi."

"Hivi ukinikanda, wanikanda mimi ama wakanda chumba?"

Ningeweza kumwapia wallahi. Kinywa kikakataa.

"Vyote viwili," nikamwambia. "Lete mguu wa pili."

Akauleta.