Mwenyekiti na Azimio la Kumkataa

Ilianza Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, mwaka wa uchaguzi wa rais, saa moja na dakika kumi jioni, katika darasa la hisabati la shule yangu. Najua saa kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika. Jirani yetu wa nyumba ya kona alikuwa mwenyekiti wa mkutano, na alipouliza nani atakubali kuwa katibu, kila mtu akaangalia viatu vyake. Baba akanipiga kiwiko.

"Huyu ana mwandiko mzuri," akasema.

Mimi ni mtu wa aibu. Lakini kuandika hakuhitaji sauti, kwa hiyo nikachukua kalamu nikakaa mbele.

Katika jimbo letu vyama huanzia chini kabisa. Kila baada ya miaka miwili, jioni moja, majirani wanaoshabikia chama kimoja hukutana katika darasa la karibu. Mtu yeyote anaweza kuleta azimio kwenye karatasi, mwenyekiti akalisoma, watu wakanyoosha mikono, na likipita linapelekwa mkutano wa wilaya. Halafu wanachagua mjumbe wa kulipeleka. Mtu mwenye miaka kumi na saba kama mimi, ambaye atakuwa ametimiza kumi na nane siku ya uchaguzi mkuu, ana kura sawa na mzee wa miaka themanini. Chama chetu, yaani cha Baba, kilikuwa kile cha wahafidhina.

Aliyemwingiza Baba humo ni huyo jirani. Alikuwa mfamasia wa mji wetu wa Plymouth, mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku ya Jumamosi. Baba alipokuwa akijiandaa kwa mtihani wa uraia, jirani alikuja jikoni kwetu kila Alhamisi kumuuliza maswali. Baba alifanya kazi kiwanda cha vifaa vya hospitali, na alikuwa akifika amechoka mpaka anasinzia katikati ya Katiba. Jirani alikuwa anamngoja azinduke, kisha anarudia swali kama kwamba hakuna kilichotokea. Baba alimpenda. Walikubaliana karibu katika yote: kodi zipungue, mtu afanye kazi, serikali isijifanye mzazi wa kila mtu.

Katika nyumba ya kona aliishi pia mwanamume mwingine, mpiga kinanda. Baba aliamua tangu mwanzo kwamba huyo ni ndugu wa jirani. Kule tulikotoka wanaume wawili wakipanga nyumba moja ni ndugu, au ni watu wa kwao, na hakuna anayeuliza zaidi. Kwa miaka mitatu Baba alipeleka chapati kila Krismasi akisema, "Hizi ni zako na ndugu yako." Jirani alikuwa akishukuru bila kumsahihisha. Mama, ambaye ni muuguzi na huona mambo yalivyo, alikuwa anageukia sufuria ili acheke.

Tulikuwa watu ishirini na wanne darasani, tumejibana kwenye viti vya wanafunzi. Maazimio mawili ya kwanza yalihusu kodi na barabara. La tatu lililetwa na mzee mmoja aliyevaa koti la kijani, mstaafu, mtu wa adabu kabisa, aliyenisalimia kwa kuvua kofia. Alilipeleka mezani likiwa limekunjwa mara nne.

Mwenyekiti akalikunjua. Nilikuwa karibu naye, nikaona macho yake yakifika mwisho wa karatasi na kurudi juu. Kisha akasoma, kwa sauti ileile aliyosomea la barabara: kwamba wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake wasishike cheo chochote katika chama.

"Nani anaunga mkono lijadiliwe?" akauliza.

Mama mmoja wa nyuma akaunga mkono.

"Kabla ya majadiliano," mwenyekiti akasema, "itabidi niondoke kwenye kiti hiki kwa dakika mbili. Si haki niendeshe jambo linalonihusu."

Akatoka nyuma ya meza, akasimama mahali wanafunzi husimama wakiitwa ubaoni.

"Yule mnayemwona nikiishi naye si ndugu yangu," akasema. Wakati huo alimwangalia Baba, mara moja tu. "Ni mwenzangu wa miaka kumi na mmoja. Mimi nimekuwa mhafidhina kwa muda mrefu kuliko huo. Nimebisha hodi kwa kila mmoja wenu kwenye baridi. Rafiki zangu wa mjini wananiuliza, unafanya nini kule kwa wahafidhina? Na leo ninyi mnaniuliza, unafanya nini hapa? Nawajibu sawasawa wote. Naamini serikali haina kazi dukani kwa mtu wala jikoni kwake. Ninyi ndio mlionifundisha hivyo. Sasa mnataka niamini kwamba chama kina kazi chumbani kwangu?"

Mtu akacheka, akajizuia. Mzee wa koti la kijani akasema, "Bwana, hakuna anayekuchukia. Ni suala la msimamo."

"Najua hunichukii. Ulinikopesha mashine yako ya kuondoa theluji."

"Na uliirudisha imejaa mafuta," akasema mzee, kama anayelalamika.

Hapo wakacheka wote, na kwa kitambo kidogo nikadhani mambo yameisha. Hayakuisha. Mwenyekiti akarudi kitini, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuendesha, akaita mikono. Wanaounga mkono: kumi na mmoja. Wanaopinga: kumi. Yeye kama mwenyekiti hakupiga. Baba alikuwa amekaa na mikono katikati ya magoti, anatazama picha ya pembetatu ukutani.

Na mimi. Nitasema ilivyokuwa. Nilijua nataka kupinga. Nilikuwa nimeweka kalamu chini ili mkono uwe huru. Lakini kulikuwa na nyuso ishirini na tatu, na mkono ukabaki juu ya daftari; sikuunyoosha. Kwa kura yangu zingekuwa kumi na moja kwa kumi na moja, na azimio lingeanguka. Niliandika: limepita.

"Limepita," mwenyekiti akasema, akalitia kwenye bahasha pamoja na mengine.

Ilibaki kuchagua mjumbe wa kwenda wilayani. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekuwa akienda kila mara. Sasa mtu akampendekeza mzee wa koti la kijani, na mwingine, kwa sauti ndogo, akampendekeza mwenyekiti. Kama angeshindwa hapo, basi azimio lingekuwa limeanza kazi usiku uleule, na miaka yake yote ya kubisha hodi ingeishia kwenye darasa la hisabati. Alijua. Nilimwona akifunga kifuniko cha kalamu na kukifungua.

"Tusimame basi," mama wa nyuma akasema. "Wa huyu upande wa dirisha, wa yule upande wa mlango. Ni haraka zaidi."

Ndipo Baba aliposimama. Baba, ambaye Kiingereza kinamkauka akiona watu zaidi ya watano.

"Samahani," akasema. "Mimi sitapanga mstari."

Wakamgeukia.

"Nchini kwangu walitupanga mistari nyuma ya wagombea, mchana, machifu wakitazama. Mimi nilisimama kwenye mstari mrefu. Wakatangaza kwamba mstari mfupi ndio umeshinda. Nilikuwa mwalimu. Mwezi uliofuata nilihamishwa shule ya mbali. Naomba karatasi."

Mzee wa koti la kijani ndiye aliyesema kwanza: "Bwana huyu anasema kweli. Mpeni karatasi." Nikachana karatasi za daftari langu vipande ishirini na vinne, tukapiga kura tukiwa tumeziba kwa mikono kama wakati wa mtihani.

Mimi na mzee wa koti la kijani tulihesabu. Kumi kwa mzee. Kumi na nne kwa mwenyekiti.

Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi. Wale kumi waliopinga, mwenyekiti mwenyewe, mimi, na Baba kama Baba alimwandika: kumi na watatu. Kwa hiyo kuna angalau mtu mmoja aliyenyoosha mkono ili watu kama mwenyekiti wasiwe na cheo, kisha akaandika jina lake kwenye karatasi. Huenda ni zaidi. Walimkataa wakiwa wanatazamana, wakamchagua wakiwa peke yao.

Mwenyekiti alishukuru kwa maneno machache. "Nitalifikisha azimio lenu kama lilivyoandikwa, neno kwa neno," akasema. "Halafu nitaomba kipaza sauti nilipinge." Mzee wa koti la kijani akampa mkono. Kisha mwenyekiti akaanza kupanga viti vya watoto katika safu zake, maana mwalimu angevihitaji asubuhi. Watu wengi walikuwa wameshatoka. Nilifikiri: mimi ningekuwa nimekimbia tangu saa moja na nusu.

Ndani ya gari Baba aliendesha taratibu. Tulipopita taa ya pili nikamuuliza alimwandika nani.

"Kura ya siri ni siri, mama."

Baada ya muda akasema, "Miaka mitatu namwambia 'ndugu yako'. Na ananishukuru." Akatikisa kichwa. Sikujua anamhurumia nani.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilivaa buti nikavuka barabara. Jirani alikuwa akisukuma theluji mbele ya gereji. Nilikuwa nimejifunza sentensi yangu mbele ya kioo, lakini ilitoka vingine.

"Jana sikunyoosha mkono. Wangu ungefanya kura ziwe sawa."

Akaegemea koleo. "Ulikuwa unaandika."

"Hapana. Kalamu nilikuwa nimeiweka chini."

Alikung'uta theluji kwenye koleo, pumzi yake ikitoka kama moshi. "Basi ni hivyo," akasema mwisho. "Imeniuma kidogo, siwezi kukudanganya. Lakini tangu jana hakuna mwingine aliyenijia kuniambia alichofanya." Akarudi kwenye theluji yake, kisha akaongeza bila kugeuka: "Msalimie baba yako. Mwambie mwenzangu anapenda zile chapati kuliko mimi."

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa akimcheka Baba jikoni. "Mzee, ndugu gani umewahi kuona wananunua mapazia pamoja?" Baba alikuwa akifunga kamba za viatu vya kazini, amekunja uso.

"Baba," nikasema, "mimi nilimwandika mwenyekiti."

"Sikukuuliza."

"Najua."

Nikampa salamu, neno kwa neno, na ile ya chapati. Kisha nikachukua mkoba wangu nikaenda kusubiri basi la shule.