Kiganja Ukutani

Kila asubuhi mhandisi wa jiji, mwanamke asiyepandisha sauti hata akifokewa, aliingia kwa mjane mmoja aliyeishi mlimani, akavua viatu, akaweka kiganja kwenye ufa wa ukuta kuhisi kama udongo unasogea. Siku jiji lilipotoa fedha za dharura na pampu zikaanza kunyonya maji yaliyolegeza udongo wa mlima, mtaa mzima ulishangilia. Mhandisi aligusa ukuta, akamgeukia mjane.

"Mama, tutoke sasa hivi."

"Si pampu zimekuja?"

"Zimekuja, lakini mlima haujasikia bado. Ngojangoja huumiza matumbo."

Akambeba mgongoni mama mkwe wa mjane, bibi asiyeweza kutembea, wakashuka. Walipogeuka, nyumba ilikuwa inateremka nzima nzima, mapazia yakipepea. Mjane alisahau hata kulia. Alimkodolea macho yule mwanamke, ambaye tayari alikuwa anapanda, pekupeku, kumgongea jirani.